Kurejesha Maeneo ya Asili Yaliyoharibika Ndani ya Mtandao wa Ikolojia: Mwongozo Kamili

Kazi nyingi za kurejesha uoto wa asili huanza na miche. Miche iko kitaluni, mvua inakaribia, watu wamejitokeza, na swali linalobaki ni wapi ipandwe. Mwongozo huu unaanza na swali hilo la wapi. Hekta kumi zilizorejeshwa kwenye mwanya unaotenganisha misitu miwili zinaweza kufanya kazi ambayo hekta mia zilizojitenga haziwezi kuifanya.

Karibu na Manaus, Brazil, watafiti wamekuwa wakifuatilia tangu 1979 vipande vya msitu vya hekta 1, 10 na 100 vilivyoachwa katikati ya malisho. Ndani ya miaka isiyofika 15, kipande cha hekta 100 kilipoteza nusu ya spishi za ndege wanaoishi chini ya kivuli cha miti mikubwa. Kingoni upepo na joto viliua miti mikubwa, na ndege wengi waliokuwa ndani walikataa kuvuka hata uwazi mwembamba wa nyasi. Lakini malisho yalipoachwa na vichaka vikaota kati ya vipande na msitu mkubwa, baadhi ya ndege hao walirudi. Kichaka ambacho mtu angekiita cha kufyekwa ndicho kilichofungua njia.

Kwa hiyo kila hatua hapa chini inaulizwa swali moja: eneo hili likipona, nini kitaweza kupita, kuzaliana au kutulia ambacho leo hakiwezi?

1. Chora mtandao kabla ya kuchagua eneo

Mtandao wa ikolojia una sehemu zinazotegemeana. Kuna maeneo kiini, yaani yale makubwa ambayo bado yana uoto na viumbe vyake. Kuna shoroba, njia zinazoyaunganisha, ziwe ukanda wa msitu kando ya mto au nyanda wanamopita wanyama kwa msimu. Kuna vituo vya njiani, viraka vidogo ambamo ndege, popo, nyuki au vipepeo hutua kabla ya kuendelea. Na kuna maeneo ya kinga yanayozunguka kiini na kupunguza makali ya moto, dawa za mashamba na kelele. Eneo lililoharibika linaweza kuangukia katika sehemu yoyote kati ya hizi, na kila sehemu inadai kazi tofauti.

Anza kwa kuchagua spishi tatu hadi tano za kukuongoza, zenye mahitaji tofauti. Mnyama mkubwa anayetembea mbali, ndege asiyeondoka kivulini, chura anayehitaji unyevu, mti ambao mbegu zake husambazwa na ndege wakubwa kama hondohondo. Ukitumia tembo peke yake utapata ramani ya tembo, na chura atakwama kwenye barabara ambayo tembo huivuka bila shida.

Kisha tengeneza ramani ya ugumu wa kupita. Gawa mkoa mzima katika miraba midogo na uupe kila mraba alama: msitu una alama ndogo kwa ndege wa kivulini, shamba la miti mchanganyiko alama ya kati, barabara ya lami au mji alama kubwa. Programu huria za ramani kama QGIS na Circuitscape zitakuonyesha mapito yenye ugumu mdogo zaidi na mahali yanapobanwa. Picha za setilaiti za Sentinel-2 zinapatikana bure tangu 2015, kila nukta ikiwa na upana wa meta 10, na za Landsat zinarudi nyuma hadi 1972, kwa hiyo unaweza kuona eneo lilivyokuwa kabla halijafyekwa.

Ramani hiyo ni makisio. Ipeleke kwa wafugaji, warina asali, wavuvi na walinzi wa wanyamapori uwaulize wanyama wanapita wapi, mwezi gani, na waliacha kupita lini. Mara nyingi watakuonyesha pito ambalo kompyuta haikuliona, kama korongo jembamba nyuma ya mashamba, au watakuambia kwamba mstari mzuri uliouchora umezibwa na uzio.

Ukishakuwa na orodha ya maeneo yanayoweza kurejeshwa, yapange. Kwa maoni yangu mpangilio salama ni huu: linda kwanza kilichobaki, kwa sababu hakuna urejeshaji unaorudisha msitu wa zamani kwa haraka ile ile unavyokatwa. Halafu panua na kuziba mapengo ya maeneo kiini, maana kiini kikubwa chenye umbo la duara kina kingo chache kuliko chenye umbo la utepe. Baada ya hapo ndipo ufungue mapito yaliyobanwa, na mwisho uongeze vituo vya njiani. Mpangilio huu hugeuka pale pito la mwisho kati ya makundi mawili ya wanyama linapokaribia kufungwa. Hapo pito hutangulia kila kitu.

Kuunganisha kunalipa, ila polepole. Kule South Carolina, Marekani, watafiti walitengeneza viraka vilivyounganishwa kwa ushoroba na vingine visivyounganishwa, wakavifuatilia. Baada ya miaka 18, vilivyounganishwa vilikuwa na spishi za mimea zaidi kwa asilimia 14, na tofauti ilikuwa bado inakua. Lakini ushoroba hupitisha pia moto, magugu na magonjwa, na humfikisha mnyama mkubwa mlangoni mwa mkulima. Kabla ya kufungua njia, hakikisha unajua inaishia wapi.

2. Soma eneo lenyewe

Jambo la kwanza la kubaini ni eneo hilo lilikuwa nini. Hili linaonekana dogo, nalo ndilo linaloharibu mipango mingi. Nyika yenye nyasi na miti michache si lazima iwe msitu uliokatwa. Nyasi za kale zina mimea yenye mashina na mizizi minene chini ya ardhi ambayo huchipua baada ya moto, na ina spishi ambazo hazipatikani kwingine. Ukiifunika kwa miti, unaua mfumo mmoja wa ikolojia kwa jina la kuurejesha mwingine ambao haukuwapo. Chimba, tazama mizizi, tafuta picha za zamani, uliza wazee, angalia kama mimea inayopenda jua imejaa hapo kwa wingi wa spishi au ni aina mbili tatu za nyasi zilizoingia juzi.

Tafuta eneo la mfano: kipande cha jirani chenye udongo, mwinuko na unyevu unaofanana na wako, ambacho bado kina hali nzuri. Likiwezekana tafuta matatu au manne, kwa kuwa kipande kimoja kinaweza kuwa na historia yake ya pekee. Andika mimea iliyopo, urefu wa matabaka yake, mbao zilizolala chini, hali ya maji. Hiyo ndiyo picha unayoielekea, ukizingatia kwamba mvua na joto vinabadilika na huenda baadhi ya spishi zikahitaji kutoka sehemu ya mkoa iliyo kavu kidogo.

Kisha hesabu uwezo uliobaki. Chora miduara yenye nusu kipenyo cha meta 5, angalau kumi, ikiwa imetawanyika eneo zima. Ndani ya kila mduara hesabu miche ya asili yenye urefu wa zaidi ya sentimeta 50, visiki vyenye uhai na miti iliyosimama, na uandike spishi. Watafiti wa urejeshaji wa misitu huko Chiang Mai, Thailand, hutumia lengo la miche 3,100 kwa hekta ili matawi yafunike ardhi ndani ya miaka miwili au mitatu, na hiyo ni sawa na miche 25 hivi kwa mduara. Ukivuka kiwango hicho kwa spishi za kutosha, usipande. Ukiwa chini yake, panda upungufu tu. Kwenye maeneo makavu msitu wenyewe ni wa miti michache, hivyo chukua kiwango kutoka eneo lako la mfano.

Chimba mashimo machache ya udongo pia. Ukiona tabaka gumu sentimeta chache chini ya uso, maji hayaingii na mizizi itakwama. Angalia mvua ikinyesha maji yanakimbilia wapi. Siku moja ya mvua kubwa uwandani hufundisha mengi kuliko wiki nzima ya kutazama ramani.

3. Ondoa kinachoharibu

Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote, na hapa ndipo watu huruka ili wafike kwenye kupanda. Eneo liliharibika kwa sababu fulani. Kama sababu ipo bado, mche wako ni chakula cha mbuzi au cha moto.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Guanacaste, kaskazini magharibi mwa Costa Rica. Msitu mkavu wa huko ulikuwa umegeuzwa malisho ya nyasi ya jaragua iliyoletwa kutoka Afrika, na kila kiangazi nyasi hiyo iliwaka. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, wanaikolojia Daniel Janzen, Winnie Hallwachs na wenzao waliweka nguvu kwenye jambo moja kuu: kuzima moto. Waliajiri watu wa hapo hapo kuwa wazima moto na walinzi, wakakata njia za kuzuia moto, wakaruhusu ng'ombe wale jaragua ili isirundikane. Upepo, ndege na mamalia walileta mbegu. Leo hifadhi hiyo ina zaidi ya hekta 160,000 za nchi kavu na bahari, na iliunganishwa kwa makusudi na misitu ya mvua na ya milimani iliyo upande wa mashariki, kwa kuwa wadudu wengi wa msitu mkavu huhamia huko wakati wa kiangazi. Bila njia hiyo ya msimu, msitu mkavu ungerudi bila sehemu ya viumbe vyake.

Kwa maji kanuni ni ile ile. Mto Kissimmee huko Florida ulikuwa na mizunguko ya kilomita 160 na zaidi kabla ya kunyooshwa, kati ya 1962 na 1971, ukawa mfereji wa kilomita 90 hivi. Ardhi oevu za kando yake zikakauka na ndege wa majini wakapungua mno. Kazi ya kuurejesha, iliyokamilika 2021, ilikuwa hasa ya kufukia sehemu ya mfereji na kubomoa vizuizi ili maji yarudi kwenye mkondo wa zamani. Mimea ya ardhi oevu ilijirudia, maana mbegu zake zilikuwa zimelala udongoni.

Pwani, mikoko hupandwa kwa maelfu kwenye tope lililo chini mno, na hufa kwa maelfu. Mikoko huota kwenye ukanda wa juu wa maji kupwa na kujaa, sehemu inayofunikwa na maji kwa karibu theluthi moja ya muda au pungufu. Ukikuta eneo la mikoko limekufa, tafuta kwanza barabara, tuta au bwawa la zamani lililozuia maji ya bahari. Fungua njia ya maji, subiri misimu miwili ya mbegu zinazoelea, ndipo ujue kama kuna haja ya kupanda.

Na kwa malisho? Uzio ni ghali na hukata njia za wanyama unaojaribu kuwaunganisha. Shinyanga, Tanzania, kuanzia 1986 mradi wa serikali ulifufua ngitili, utaratibu wa Wasukuma wa kutenga malisho wakati wa masika ili yaliwe kiangazi. Familia na vijiji vyenyewe vilipanga mipaka na adhabu, na zaidi ya hekta 300,000 zilipata uoto tena katika eneo lililokuwa limeanza kuitwa jangwa. Kilichofanya kazi hapo ni sheria ambayo watu waliitambua kuwa yao.

Kwa hiyo, kabla ya msimu wa kwanza, andika kila kisababishi cha uharibifu, nani anakitegemea kuishi, na atapata nini badala yake. Mchoma mkaa anajua miti kuliko wengi wetu. Akipata kazi ya kulinda visiki na kukusanya mbegu, eneo limepata mtaalamu.

4. Tengeneza udongo na maji

Ikiwa maji yanapita juu ya ardhi bila kuingia, yasimamishe. Kwenye mteremko mdogo uliokufa, chimba mashimo ya nusu mwezi, mdomo ukitazama juu ya mteremko, udongo ukirundikwa upande wa chini. Yapange kama magamba ya samaki ili maji yanayofurika shimo moja yadakwe na la chini yake. Panda nyasi za asili ndani yake kwanza. Kwenye ardhi ngumu ya Sahel, ukanda mkavu ulio kusini mwa Sahara, hutumika mashimo madogo yanayoitwa zai, yanayojazwa samadi kabla ya mvua ili mchwa waje kutoboa udongo na kuulegeza.

Korongo hutibiwa kuanzia kichwani, pale linapokula ardhi, na kwenye vijito vidogo vinavyolilisha. Ukijenga ukuta mkubwa chini na kuacha juu, mvua moja itauzunguka. Vizuizi vidogo vingi vya mawe au matawi, katikati yake pakiwa chini kuliko kingo, hufanya kazi vizuri zaidi.

Kwenye udongo wa mboji, yaani ardhi oevu yenye tabaka nene la mimea ambayo maji yameizuia kuoza, uliotolewa maji kwa mifereji, ziba mifereji hiyo kwa ngazi kuanzia juu. Mboji ikikauka huoza, hutitia na huwaka kwa wiki nyingi chini kwa chini. Hakuna upandaji wenye maana hapo kabla maji hayajarudi karibu na uso wa ardhi.

5. Amua kiasi cha kuingilia

Sasa rudi kwenye hesabu ya miduara. Kama mti wa mama, yaani unaotoa mbegu, uko karibu, ndege na popo bado wapo, na udongo uko hai, acha eneo lijirudie huku ukililinda. Hii ndiyo njia ya gharama ndogo na mara nyingi huleta spishi nyingi kuliko kitalu chochote. Ubaya wake ni kwamba kwa miaka michache ya mwanzo eneo huonekana kama limetelekezwa, na mtu anaweza kulichukua akidhani halina mwenyewe. Weka alama za mipaka na uwaambie majirani.

Kama kuna visiki vyenye uhai, visaidie. Njia hii, ambayo Tanzania inaitwa kisiki hai, ilienezwa Niger kuanzia 1983 na Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, pamoja na wakulima wa Maradi, na imesambaa kwenye mamilioni ya hekta nchini humo. Kata machipukizi yote isipokuwa matatu hadi matano yaliyonyooka na yenye nguvu, pogoa matawi ya chini hadi karibu nusu ya urefu, weka kitambaa au alama nyingine ya kuonyesha kwamba kisiki hicho kinatunzwa. Rudia kila baada ya miezi michache. Kisiki kina mizizi ya miaka mingi, ndiyo maana chipukizi lake hushinda ukame ambao mche wa kitalu hauuwezi.

Kama mbegu hazifiki ila udongo unafaa, panda visiwa. Kusini mwa Costa Rica, wanaikolojia Karen Holl, Rakan Zahawi na wenzao walilinganisha kupanda eneo lote na kupanda makundi ya miti yanayofunika sehemu ndogo tu. Baada ya zaidi ya muongo mmoja, uoto wa asili ulioota chini ya visiwa ulikaribiana na ule wa eneo lililopandwa lote, kwa miche michache zaidi. Ndege hutua juu ya visiwa, huacha mbegu, na visiwa hupanuka. Kisiwa kisiwe kidogo mno: chenye upana wa meta nane au zaidi huvutia ndege kuliko cha meta nne.

Kupanda eneo zima kubaki kwa mahali palipoharibika kabisa, palipo mbali na mbegu, au pito lililobanwa ambalo wanyama wanalihitaji mapema.

6. Mbegu, kitalu na kupanda

Kusanya mbegu kutoka miti mingi, thelathini au zaidi kwa kila spishi ukiweza, iliyoachana kwa meta 50 hadi 100 ili isiwe ya ukoo mmoja. Usichukue zaidi ya moja ya tano ya mbegu za mti. Wanyama na msitu wenyewe wanazihitaji. Mti mmoja mzuri kando ya barabara unavutia kwa kuwa ni rahisi kuufikia, lakini ukijaza eneo kwa watoto wake, kizazi kijacho kitazaliana ndugu kwa ndugu.

Jua mbegu zako. Baadhi hukaushwa na kuhifadhiwa kwa miaka. Nyingine, nyingi zikiwa za misitu ya mvua, zikikauka zimekufa, nazo lazima zipandwe ndani ya siku au wiki chache. Kwa hiyo kalenda ya kitalu hufuata kalenda ya kuzaa matunda, na inahitaji mwaka mzima wa kuchunguza miti ikichanua kabla ya kuotesha.

Changanya spishi ishirini hadi thelathini. Chagua zinazokua haraka na kuua nyasi kwa kivuli, zinazozaa matunda mapema ili kuita ndege na popo, na zile za msitu mkongwe zenye mbegu kubwa ambazo wasambazaji wake wametoweka. Hizi za mwisho ndizo zinazostahili nguvu za kitalu zaidi, kwa kuwa hazitafika zenyewe. Na hapa mtandao unarudi: panda kwenye ushoroba miti ambayo spishi zako za kuongoza huila au hulala juu yake.

Kabla ya kupelekwa uwandani, mche upunguziwe maji na kivuli kwa wiki nne hivi. Kagua mizizi. Iliyojizungusha ndani ya mfuko itaunyonga mti baadaye, hata kama majani yanapendeza. Panda mvua ikishatulia na udongo umelowa kwa kina, usipande kwa mvua ya kwanza ya kudanganya. Zungushia majani makavu, yasiguse shina.

Palizi ndiyo huokoa miche. Nyasi hunyang'anya maji na huleta moto. Palilia mara mbili au tatu kila msimu wa mvua kwa miaka miwili ya mwanzo, hadi matawi yagusane. Ukiwa na fedha za kupanda hekta kumi bila palizi, panda tatu na uzipalilie.

Kwa nyasi za asili, kata nyasi zilizokomaa kutoka eneo la mfano na uzitandaze juu ya udongo uliokwanguliwa. Mbegu hudondoka zenyewe, pamoja na zile ndogo ambazo hakuna anayezikusanya.

7. Spishi vamizi

Anza na mimea michache iliyojitenga mbali na kundi kuu, na kwenye mto anza juu ukishuka. Kundi kubwa linatisha na huvuta macho, ila vile vichache vya pembeni ndivyo vinavyoeneza uvamizi katika mtandao wote wa ikolojia kupitia shoroba zako mpya. Mimea kama mrashia (Prosopis) huchipua kwa nguvu ikikatwa juu ya ardhi, kwa hiyo ing'olewe chini ya kitako cha shina.

Usifyeke zaidi ya unavyoweza kujaza. Ardhi iliyobaki tupu huvamiwa upya, mara nyingi na kitu kibaya zaidi. Na angalia nani anaishi ndani ya kichaka hicho: ndege wakiwa wanazalia humo kwa kukosa pengine, ondoa kwa awamu huku kichaka cha asili kikikua kando.

8. Fungua vizuizi

Uoto ukikamilika pande zote mbili za barabara, barabara bado ipo. Katika hifadhi ya Banff, Kanada, barabara kuu imewekewa madaraja 6 ya juu na njia 38 za chini kwa ajili ya wanyama, pamoja na uzio wa kuwaelekeza huko, na ajali za magari na wanyama zimeshuka kwa zaidi ya asilimia 80. Mlima Kenya, njia ya chini ya barabara iliyojengwa 2010 iliunganisha msitu wa mlimani na misitu na nyanda za chini, na tembo walianza kuitumia upesi.

Si kila mtu ana uwezo wa kujenga daraja. Kuna kazi ndogo zenye faida kubwa: kuinua waya wa chini wa uzio, kuweka kamba za kuvukia kati ya miti kwa kima na wanyama wengine wa juu ya miti, kubadilisha kalavati lililoning'inia juu ya maji ili samaki waweze kupanda, kuzima taa zinazomulika pito la popo. Kagua ushoroba wote kwa miguu, usiku na mchana, na uorodheshe vizuizi hivi.

9. Makubaliano ya muda mrefu

Ushoroba hupita kwenye ardhi ya watu wengi, na mmoja akifunga, wote wameshindwa. Makubaliano yaandikwe, yataje mpaka, muda, nani anafaidika na nini, na nani atalipa mnyama akiharibu mazao. Panga gharama za miaka kumi, ukitenga kwa ajili ya ulinzi na palizi si chini ya ulichotenga kwa kupanda. Mfadhili akikubali kulipia miche tu, mwombe alipie eneo dogo zaidi kwa muda mrefu zaidi.

10. Pima

Pima kabla hujagusa kitu, na upime pia kipande kinachofanana ambacho hutakigusa. Bila hicho, mwaka wa mvua nzuri utakupa sifa usizostahili na mwaka wa ukame utakulaumu bure.

Picha kutoka sehemu zile zile, mwelekeo ule ule, mwezi ule ule kila mwaka, hazigharimu karibu kitu. Ongeza miraba ya kudumu ya kuhesabu mimea. Hesabu miche iliyo hai baada ya miezi mitatu na baada ya mwaka. Viwango vya kimataifa vya urejeshaji wa ikolojia, vilivyotolewa 2016 na kuboreshwa 2019, hutazama mambo sita: kuondoka kwa vitisho, hali ya udongo na maji, spishi zilizopo, matabaka ya uoto, utendaji wa mfumo, na mabadilishano na maeneo jirani. Hilo la mwisho ndilo husahaulika zaidi, nalo kwa kazi hii ndilo kipimo chenyewe. Weka kamera zinazojipiga mnyama anapopita kwenye lango la kila upande la ushoroba. Angalia kinyesi cha ndege na popo chini ya visiwa kina mbegu za mti gani, na mti huo uko umbali gani. Rekodi sauti alfajiri.

Weka mapema viwango vya kuchukua hatua. Kwa mfano: miche hai ikishuka chini ya asilimia 60 mwaka wa kwanza, tafuta chanzo kabla ya kupanda tena. Ikiwa misimu mitatu imepita na hakuna mbegu mpya zilizoingia, angalia kama umbali hadi kiini ni mkubwa mno na uongeze kituo cha njiani.

Mwaka wa tano, chukua matokeo yote urudi kwenye ramani ya hatua ya kwanza. Badilisha alama za ugumu kwa kufuata ulichokiona wanyama wakifanya, endesha hesabu upya, na uone pito lililokuwa limebanwa limehamia wapi. Hapo ndipo eneo lako linalofuata.